Ziwa la Mama Achieng'

Kwenye matanga ya Mama Achieng' nilimpa Madam Philomena vidole viwili. Yeye alikuwa amenyoosha mkono mzima, na pete zake, na lile tabasamu la mtu aliyezoea kutengewa kiti cha mbele. Niligusa ncha za vidole vyake, nikaurudisha mkono wangu kwenye mkoba. Alikuwa amezeeka vibaya, na nilifurahi. Nasema hivyo wazi kwa sababu nimefika umri ambao watu hutarajia mwanamke awe ameshalainika, awe anasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba amewasamehe wote. Mimi sijalainika. Alipopewa nafasi ya kusema neno mchana ule, alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akauambia ukumbi mzima kwamba yeye ndiye aliyemgundua marehemu. "Nilimtoa kwa chumba kimoja hapa Kariobangi," akasema, "nikamwonyesha dunia." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimekunja mikono, nikiukumbuka mwaka mmoja wa miaka ya tisini, mwaka niliomaliza kidato cha nne nikiwa sina shughuli wala pa kwenda, nikaingia kwenye hicho chumba anachokitaja kama shimo alilomvuta mtu kutoka ndani yake.

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana za wafua mabati. Mchana kutwa nyundo ziligonga masufuria na majiko, na ukishazizoea huzisikii tena, ila zikinyamaza ndipo unashtuka. Pazia la maua lilitenga kitanda na mahali pa kazi. Kulikuwa na viti viwili vya mbao vilivyovishwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, stovu ya mafuta taa, mitungi ya maji karibu na mlango, na ukutani picha ya msichana aliyevaa sweta ya shule ya kijani kibichi, shingo wima, kama anayengoja kuulizwa swali ambalo jibu lake analijua. Huyo alikuwa Achieng', mtoto wa pekee wa mwenye chumba. Malaria ilikuwa imemuua shuleni, bwenini huko magharibi, miaka miwili kabla sijamjua mama yake. Sweta yenyewe ilikunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya mto. Mama Achieng' hakuwa na nyumba nyingine ya kuiweka. Mumewe alipokufa, mashemeji walimtoa kwenye boma lake kule kando ya ziwa, mchana, majirani wakiangalia, na mtoto mgongoni.

Kazi yangu ilikuwa kufumua. Asubuhi nilitembea hadi soko la Gikomba na Mama Mutheu, jirani wetu, Mkamba mwenye mdomo mkali aliyekuwa amefutwa kazi katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Tulichambua sweta za mitumba ambazo hakuna mtu angevaa, zilizotoboka viwiko, zilizokosa mkono mmoja, tukarudi nazo tumezibeba kichwani. Nilikaa kwenye kigoda nikifumua na kuviringisha uzi kwenye mipira. Kila uzi ulipimwa kwa moto kabla ya kuingia kapuni. Unakata kipande, unawasha kiberiti. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukafanya kitone kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, ikageuka jivu. Sufu tuliitenga, tukawafumia watoto kofia, kwa maana ukiitia kwenye maji moto hujikunja, ikaganda, na ikishaganda haifunguki tena. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo.

Mama Mutheu ndiye aliyeleta ufundi, ule wa kusuka kiondo, kikapu cha Kikamba, kwa kamba za mkonge, uzi wa rangi ukipita mbele na nyuma ya kila kamba, alivyoonyeshwa na nyanya yake. Mama Achieng' ndiye aliyeleta hadithi. Kwao watu husimulia habari za bikizee mwenye vidonda aliyefika kijijini siku ya karamu, akafukuzwa kila mlango isipokuwa mmoja, na kwa hasira yake maji yakainuka yakameza maboma yote, pakabaki ziwa. Wazee huisimulia ili watoto wajifunze kukaribisha wageni. Mama Achieng' aliisimulia vingine, na ninaikumbuka siku yenyewe, tukila githeri, mvua ikigonga bati.

"Huyo bikizee wanasema ni jini," akasema. "Mimi nimefikiria sana. Hakuwa jini. Alikuwa mjane. Na hiyo boma haikuwa ya watu wengine, ilikuwa yake. Hakuenda kuomba chakula. Alienda kuingia kwake."

Mama Mutheu akaacha kutafuna. "Na wale wenye karamu?"

"Ni mashemeji. Nani tena?"

"Basi wazame," akasema Mama Mutheu, akaendelea kula.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Siku hizi vijana huja kwangu na kamera, wananiuliza tulipataje wazo la kuzitazama upya ngano za kale kwa kazi za mikono. Wanataka niseme kitu kikubwa kuhusu urithi. Nawaambia tulikuwa na hasira, na uzi ulikuwepo. Tulisuka kitu kimoja kipana, kirefu kama mlango, cha kutundikwa ukutani. Chini palikuwa na boma na vyungu vya karamu, juu yake maji ya kila aina ya buluu iliyowahi kupita Gikomba, na ndani ya maji watu wanaozama. Kila mwanamke alikuwa na ruhusa ya kuwazamisha wake, kwa sharti moja ambalo Mama Achieng' alilisimamia sana: anayezama asukwe kwa uzi uliotoka kwake mwenyewe. Mama Mutheu alikuwa na koti la kazi alilotoka nalo kiwandani, akalifumua ukosi, akamsuka msimamizi wake, kinywa wazi, tai imeelea. Mama Achieng' aliwasuka mashemeji watatu kwa uzi wa blanketi walilomtupia mlangoni alipofukuzwa. Tulicheka sana wiki hizo. Sijawahi tena kufanya kazi kwa furaha kama ile, na furaha yenyewe ilikuwa ya kumwona mtu mbaya akipungukiwa na pumzi mstari baada ya mstari.

Katikati kabisa, maji yote yakiuzunguka bila kuugusa, kulikuwa na mlango mmoja uliofunguliwa, na mlangoni msichana anayemshika bikizee mkono. Siku ya kumsuka huyo, Mama Achieng' alitoa ule mfuko chini ya mto. Hakunipa mimi nifumue. Alifumua mwenyewe, amegeukia ukuta, na nyundo za nje pekee ndizo zilizokuwa zikiongea. Uzi wa kijani ulipomalizika kuviringishwa, niliangalia kile kiberiti kwenye dirisha, nikakiacha pale pale. Mama Mutheu naye alikiangalia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuchoma hata kipande cha sweta ya yule mtoto. Ukaingia kwenye kazi bila kupimwa. Uso wa Achieng' ulichukua siku nne, na ulipotoka ulikuwa ni yeye, shingo wima vile vile.

Nikiwa nje ya pazia nilimsikia Mama Achieng' akimwambia mwenzake kitu alichokuwa hajaniambia mimi. "Nataka itundikwe mahali watu wanasoma. Waandike imefanywa na Mama Achieng'. Mtu akisoma, atasema jina lake na mdomo. Hata kama hajui ni nani. Kule kwa shule, alipokufa, waliandika tu namba ya kitanda." Mama Mutheu akajibu, "Litaandikwa," akapenga kamasi. Hilo tu ndilo Mama Achieng' alilotaka kutoka duniani mwaka ule.

Madam Philomena alikuja kwa kusikia habari zetu. Alikuwa mwanamke wa Buruburu aliyejuana na watu wa ubalozi na wenye kumbi za sanaa mjini. Alisimama mlangoni akiwa amejifunika shali laini ya rangi ya zabibu, akaitazama ile kazi muda mrefu, na nakiri macho yake yalijua kuona. Kisha akatafuta pa kukaa, akakitoa kile kitambaa cheupe kwenye kiti na kukiweka sakafuni ndipo akaketi. Alinywa chai nusu kikombe. Aliahidi kuipeleka kazi mbele za watu. Siku alipokuja kuichukua alituachia shali yake, pindo lilikuwa limenasa kwenye mlango wa gari, akaomba tumrekebishie kwa kuwa mikono yetu ni mizuri. Mama Achieng' akaipokea kwa mikono yote miwili.

Wiki mbili baadaye nilitumwa kuipeleka shali Buruburu. Nilifika sebuleni kwake nikaikuta kazi yetu ukutani, imeangaziwa taa, na chini yake kadi nyeupe. Nilisoma mara tatu. Jina la kazi lilikuwa Mafuriko, na msanii alikuwa Philomena. Chini, kwa herufi ndogo, ilisema imesukwa na kina mama wa Kariobangi. Sikuikabidhi shali. Nilisema bado haijakamilika, nikarudi nayo kwa miguu, na kila hatua nilikuwa naongea peke yangu.

Mama Achieng' hakutaka kuniamini. Jumamosi Madam alipokuja mwenyewe, Mama Achieng' alimuuliza kwa adabu, amesimama, mikono imeshikana mbele ya tumbo kama mtu aliye ofisini. "Madam, huyu msichana anasema kwa karatasi kuna jina lako."

"Mama, hebu tuelewane," Madam akasema. "Wazo la kuifanya sanaa ni langu. Nyinyi ni mikono. Na mikono mizuri, sikatai. Lakini hawa wageni hata hawawezi kutamka majina yenu."

"Jina ni Achieng'. Si ngumu. Hata mtoto wa nasari anaweza."

"Tutaangalia baadaye," akasema Madam. Kisha akaiteremsha ile kazi kutoka begani kwa dereva wake, akaitandaza kitandani. "Kwanza mnisaidie. Kuna maonyesho makubwa mjini wiki ijayo, na hii kitu inanuka mafuta taa. Sebule yangu yote imenuka. Ioshwe vizuri." Akaniangalia mimi. "Wewe msichana, na shali yangu?"

"Bado pindo kidogo," nikasema.

Alipoondoka, nilisema maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyasema mbele ya watu wazima. "Huyu mathee ametubeba mafala, ametufanya wajinga. Si tuichome tu."

"Wacha hiyo lugha," akasema Mama Mutheu, lakini hakusema wacha hilo wazo.

Mama Achieng' alikuwa akiinusa ile kazi, uso wake umezama ndani ya maji ya buluu. Akasema tu kwamba itaoshwa, itapelekwa, na akiomba tena huenda jina likaandikwa. Subira yake iliniudhi kuliko wizi wa yule mwanamke. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliamini kwamba mtu asiyelipiza ni mtu asiyeumia.

Huko ukumbini kwenye matanga, Madam alikuwa bado hajamaliza hotuba yake. Alikuwa amefika kwenye safari alizosafiri na kazi za kina mama wengine, nchi alizoziona, mikono aliyoishika. Jirani yangu wa kiti, dada wa kanisani ambaye hakumjua marehemu sana, alininong'oneza kwamba huyu mama amesaidia watu. Nikamwambia ni kweli, amejisaidia. Akajitenga kidogo na mimi.

Basi nieleze nilichofanya, na nieleze bila kujipamba. Siku mbili nilikaa na ile kazi peke yangu, nikisingizia kurekebisha kingo. Nilichomoa nyuzi kutoka pindo la shali nikazipima kwa kiberiti. Sufu halisi, ilinuka nywele hadi nikapiga chafya. Kisha kwenye kona ya juu, kati ya mashemeji na msimamizi wa kiwanda, nikamsuka Madam kwa uzi wake, hereni zake, nywele zake zilizotengenezwa, mkono umeinuliwa. Nilimsuka vizuri. Ungemjua hata ukiwa mbali. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kila uzi mwingine umepimwa, ni wa kiwandani, hautajikunja. Nikichemsha, yeye peke yake ataganda na kunyauka, na kona ile itajivuta ifanye shimo penye uso wake. Ataitundika hivyo hivyo mbele ya wageni wake bila kuelewa, au ataelewa, na vyote viwili vilinifaa. Uzi wa kijani sikuufikiria hata mara moja. Nimejiuliza miaka yote hii kama kweli sikuufikiria, na jibu ni lile lile. Hasira ilikuwa imenijaa kote, hapakuwa na nafasi ya kumfikiria mtoto.

Alhamisi Mama Achieng' alienda kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Akiwa mlangoni, kitambaa kichwani, aliniambia, "Maji baridi, Nafula. Baridi peke yake, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yao. Nikaitikia. Alipopinda kona niliazima sufuria ile kubwa ya kupikia watu wa matanga, nikawasha moto wa kuni uani, nikasubiri maji yatokote kabisa. Niliitumbukiza kazi, nikaikoroga kwa mwiko kama sima ya watu hamsini. Nilikuwa naimba. Watu wa uani waliniuliza ninapika nini, nikasema napika mgeni.

Nilipoiinua kwa fimbo mbili na kuitandaza juu ya kamba ya nguo, nilitafuta kwanza ile kona. Madam alikuwa amekunjamana hadi ukubwa wa ngumi, hereni na kila kitu, na nikacheka kwa sauti. Ndipo nikaona kwamba kona haikuwa ndiyo inayovuta. Kazi nzima ilikuwa imejikusanya kuelekea katikati. Maji, vyungu, watu wote walikuwa wamepinda kuelekea mlango ule mmoja, na mlangoni palikuwa na donge la kijani, gumu, lisilo na macho. Nilijaribu kulivuta kwa vidole likiwa bado linaunguza. Nilijaribu kwa maji baridi. Mama Mutheu akatoka nyumbani kwake, akaangalia, akakaa chini palepale uani kwenye tope.

Jioni Mama Achieng' aliporudi aliiondoa kazi kwenye kamba, akaingia nayo ndani. Madam alikuja Jumamosi. Alipoonyeshwa ile kazi alisema kwamba ndiyo shida ya kufanya kazi na watu wa uzi wa mitumba, akaiacha pale, akaondoka bila hata kuulizia shali. Siku ya maonyesho nilitembea hadi mjini, nikamlaghai mlinzi kwamba nimetumwa, nikaingia. Ukuta wake ulikuwa mtupu. Kadi ilikuwa imeshabandikwa, Mafuriko, na jina lake, na hapo juu hakuna kitu ila misumari miwili. Wageni walisimama mbele yake, wakatazamana, wakatabasamu kwa kumwonea haya. Yeye alikuwa upande wa pili akijifanya kuongea na mtu. Nilikaa hapo hadi nikashiba. Sitadanganya kwamba kulikuwa na uchungu ndani yake. Ilikuwa tamu, na hadi leo nikiikumbuka ni tamu.

Nilirudi Kariobangi karibu mbio, nikamkuta Mama Achieng' ameketi kwenye kizingiti, kazi imelala mapajani, anajaribu kulifungua lile donge la kijani kwa ncha ya sindano, nyuzinyuzi moja baada ya nyingine.

"Ukuta uko mtupu," nikamwambia. "Kadi iko peke yake. Watu wanamcheka. Mama, amepata aibu mbele ya wote."

Hakuinua kichwa. "Ulichemsha."

"Nilitaka yeye ndiye ajikunje. Nilitumia uzi wa shali yake. Sikujua sweta ilikuwa sufu."

"Mimi nilijua. Nilinunua mwenyewe. Nilitafuta ile ya joto, kwa sababu kule kwa shule kuna baridi." Sindano ikavunjika, akachukua nyingine kutoka kifuani. "Yule alitoa jina la mtoto wangu kwa karatasi. Karatasi inaweza kuandikwa tena. Wewe umemtoa uso."

Kisha akainuka, akapika, akaniambia ninawe mikono. Tulikula ugali na omena, sisi wawili, pazia limefunguliwa. Alinikatia kipande kikubwa kama kila siku. Nilikaa naye hadi mwaka ukaisha, akanifundisha yote ninayoyajua na ninayoishi nayo hadi leo, na hakulitaja jambo hilo tena hata siku moja. Hakumwambia Madam kwamba nilifanya makusudi. Madam amekaa miaka hii yote akiamini ni uzi mbaya wa maskini, na mimi nimemwachia aamini, kwa kuwa kumwambia ukweli kungenilazimu niseme mengine.

Alipomaliza hotuba yake ukumbini, mwenyekiti wa matanga akauliza kama kuna mwingine aliyemjua marehemu vizuri. Nilisimama kabla sijaamua kusimama. Madam alinipisha mbele kwa tabasamu, akasema kwenye maikrofoni kwamba huyu naye ni mmoja wa wasichana wake, akanikabidhi. Nilitazama safu zile zote. Mama Mutheu alikuwa mbele, kipofu sasa, uso umeinuliwa kunielekea. Nilikuwa nimeyabeba maneno ya kumwangusha Philomena kwa miaka karibu thelathini, nimeyanoa, nimeyapanga, na pale pale niligundua kwamba hakuna namna ya kuyasema yote bila kusema nani aliwasha moto. Ukitaja kadi lazima utaje kazi, na ukitaja kazi watauliza iko wapi.

Basi nikasema. "Jina langu ni Nafula. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja, Achieng'. Alimsuka uso wake mara moja, na mimi nikauchemsha. Sasa niwaambie kwa nini."

Madam aliniwekea mkono begani. "Nafula, keti," akasema polepole, bado akiwatabasamia watu. "Mambo ya kale hayo."

Nilimwambia anyamaze, bado sijafika kwake.